Jina la Ukoo kama Ushahidi wa Historia: Livingstone wa Uskoti na Alimasi wa Fizi

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi panapozuka mjadala juu ya majina ya watu, hasa pale ambapo mtu wa bara huonekana amebeba jina lenye asili ya mbali. Hata hivyo, methali yenyewe haituelezi asili hiyo huanzia wapi, wala ni nani mwenye haki ya kuitambua. Je, jina ambalo mtu amerithi kwa babu wa babu yake ni asili yake, au ni ushahidi kwamba babu huyo aliacha asili nyingine nyuma yake?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kulinganisha majina mawili. La kwanza ni Livingstone, jina la ukoo la Uskoti linalojulikana mno katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kutokana na yule tabibu na mmisionari aliyefariki mwaka 1873. La pili ni Alimasi, jina linalosikika sana miongoni mwa Babembe na majirani zao katika Fizi na Baraka, upande wa kusini wa Kivu ya Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majina haya hayana uhusiano wowote wa kiisimu. Kinachoyakutanisha ni historia. Yote mawili hudhaniwa kusema jambo la hakika juu ya damu ya mwenye nalo, ilhali historia ya kila moja inaonyesha kwamba linasema zaidi juu ya majirani, mabwana na makarani ambao ukoo huo uliishi nao.

Hoja tunayoitetea ni kwamba jina la ukoo ni hati ya historia inayostahili kusomwa kwa makini, lakini si cheti cha nasaba. Hoja hii ina uzito wake katika eneo ambalo kwa zaidi ya nusu karne swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limegharimu maisha ya watu wengi.

2.0 Ziwa lililokusanya majina

Mji wa Baraka umejengwa kando ya Ziwa Tanganyika, katika ghuba ambayo ramani nyingi huiita Ghuba ya Burton. Mbele yake upande wa mashariki imelala rasi ndefu ya Ubwari. Fizi, makao makuu ya wilaya, iko juu milimani kusini-magharibi ya Baraka. Wilaya yenyewe imegawanyika katika sekta nne, nazo ni Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja.

Msomaji ataona mara moja kwamba katika sentensi hizo chache yamo majina ya tabaka mbalimbali. Baraka ni neno la Kiswahili lililotokana na Kiarabu. Burton ni jina la Mwingereza, Richard Burton, ambaye mwezi Aprili 1858 alivuka ziwa kwa mtumbwi pamoja na John Speke, akapitia Ubwari akielekea Uvira. Ubwari, Mutambala na Lulenge ni majina ya wenyeji. Hivyo basi ramani ya Fizi peke yake yatosha kutuonyesha kwamba majina hukaa tabaka juu ya tabaka, na kwamba la juu halikulifuta la chini.

Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kaskazini kuutazama Mto Rusizi. Walithibitisha kuwa mto huo unaingia ziwani, hautoki, na mwezi Desemba walikuwa wamerejea Ujiji. Safari hiyo imeelezwa mara nyingi kwa sababu ya jiografia. Sisi tungependa kuitazama kwa sababu ya majina, kwani katika watu wa misafara hiyo tunapata mifano mitatu ya namna mtu anavyopata jina la pili.

Mfano wa kwanza ni Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikwa kwa jina la John Rowlands. Jina la Stanley alijitwalia Marekani kutoka kwa mfanyabiashara wa New Orleans. Mfano wa pili ni Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa walinzi wa msafara wa Stanley, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefuatana na Burton na Speke katika safari yao ya Tanganyika. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, kisha akapata uhuru wake na kurudi Unguja. Jina alilopewa na wazazi wake lilipotea. La kwanza kati ya yale aliyobaki nayo lilikuwa la heshima la Waafrika wa India, la pili la Kiarabu lenye maana ya mbarikiwa, na la tatu la mji aliotoka akiwa huru. Ni vyema kukumbuka kwamba Mubarak na Baraka ni maneno ya mzizi mmoja.

Mfano wa tatu ni Livingstone mwenyewe. Yeye, tofauti na hao wawili, hudhaniwa kuwa na jina la asili lisilo na doa lolote, lililotoka kwa baba hadi kwa mwana. Dhana hiyo ndiyo tunayoanza kuichunguza.

3.0 Livingstone: kijiji kilichogeuka ukoo

Katika nyanda za kusini za Uskoti, magharibi ya Edinburgh, kipo kijiji cha zamani, sasa mji, kiitwacho Livingston. Hati za karne ya 12 hukitaja kama makao ya mtu aliyeitwa Leving, aliyepewa ardhi katika enzi ya Mfalme David wa Kwanza, aliyetawala kati ya 1124 na 1153. Makao ya Leving yakaitwa kwa jina lake, na wazao wake pamoja na watu waliomiliki ardhi hiyo wakaitwa kwa jina la mahali. Kwa hiyo jina lilitoka kwa mtu likaenda kwa kijiji, kisha likatoka kwa kijiji likarudi kwa watu. Ukoo huo wa nyanda za kusini ulipata nguvu kubwa. Mmoja wa wasichana wanne waliomhudumia Malkia Mary wa Uskoti alikuwa Mary Livingston, na mwaka 1600 mkuu wa ukoo akapewa cheo cha Earl wa Linlithgow. Cheo hicho kilipotea mwaka 1716 baada ya uasi wa kuwatetea wafalme wa nasaba ya Stuart.

Lakini David Livingstone hakuwa wa ukoo huo. Babu yake alitoka Ulva, kisiwa kidogo cha pwani ya magharibi, mahali ambapo watu walisema Kigaeli, si Kiingereza. Huko hapakuwa na Leving wala kijiji chake. Wenye jina la Livingstone katika sehemu hizo za magharibi walikuwa na jina jingine kwa Kigaeli, ambalo makarani waliliandika MacLeay au kwa namna nyingine zilizokaribiana na hiyo. Wataalamu wametoa maelezo mawili juu ya asili yake. Wapo wanaolifasiri kuwa Mac an Lèigh, yaani mwana wa tabibu, na wapo wanaolifasiri kuwa mwana wa Donn Sléibhe, jina la mtu wa kale. Iwapo maelezo ya kwanza ndiyo sahihi, basi yule tabibu aliyefika Ujiji alikuwa amebeba, chini ya jina lake la Kiingereza, jina la Kigaeli lililotaja kazi yake, bila watu aliowatibu kujua.

Ilikuwaje basi watu wa Kigaeli wakaitwa kwa jina la kijiji cha nyanda za kusini? Simulizi la huko linasema kwamba katika karne ya 17 bwana mmoja wa ukoo wa Livingston alipata mamlaka ya ardhi katika Kisiwa cha Lismore na sehemu za jirani, na wenyeji wakalichukua jina la bwana huyo. Katika Lismore hadi leo uko ukoo wa Livingstone unaotunza fimbo ya kale ya Mtakatifu Moluag, urithi wa kidini uliotangulia jina hilo kwa karne nyingi. Wenye urithi wa kale kuliko wote ndio wanaoitwa kwa jina la kuja.

Yafaa kueleza kwamba katika nchi ya Kigaeli jina la ukoo lililo imara halikuwa kitu cha kawaida kwa watu wa chini. Mtu aliitwa kwa jina lake, akatajwa kuwa mwana wa fulani, mwana wa fulani. Kizazi kilipobadilika, na mnyororo ulibadilika. Jina la ukoo liligandishwa pale mwenye ardhi alipohitaji orodha ya wapangaji, padri alipohitaji daftari la ubatizo, na kiwanda kilipohitaji orodha ya wafanyakazi. Babu wa Livingstone alihama Ulva mwishoni mwa karne ya 18 akaenda Blantyre, karibu na Glasgow, palipokuwa na kiwanda cha pamba. Huko mjukuu wake alizaliwa mwaka 1813 na kuanza kazi kiwandani akiwa na umri wa miaka 10.

Livingstone alieleza katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1857 kwamba babu yake aliweza kusimulia habari za mababu wa vizazi sita. Msomaji wa Fizi hatashangazwa na jambo hilo, kwani wazee wa Kibembe nao wanajulikana kwa kuhesabu mababu. Jambo la kuzingatia ni kwamba nasaba ilikuwa katika kumbukumbu ya mzee, haikuwa katika jina. Hata tahajia ya jina haikuwa imetulia. Baba yake David aliandika Livingston, na mwana naye akaandika hivyo hadi miaka ya 1850, ndipo akairudisha herufi ya mwisho. Jina linalosomeka leo kwenye mji wa Livingstone nchini Zambia, na kwenye maporomoko ya Mto Kongo yaliyopewa jina hilo na Stanley, ni tahajia iliyochaguliwa na mtu mzima alipokwisha kuwa mashuhuri.

4.0 Alimasi: kito kilichovuka ziwa

Tugeukie sasa upande wa magharibi wa Tanganyika. Alimasi ni neno la Kiswahili almasi, lililotokana na Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kisichoshindika. Umbo lake la Kongo linaonyesha kanuni inayofahamika vyema na wanafunzi wa fonolojia ya Kibantu. Konsonanti mbili zilizoandamana, l na m, zimetenganishwa kwa irabu i ili kila silabi iishie kwa irabu. Majina mengine ya eneo hilohilo yanaonyesha kanuni nyingine. Hamisi limekuwa Amisi, Hasani limekuwa Assani, Huseni limekuwa Useni, kwa kudondosha h. Ramadhani limekuwa Ramazani. Tahajia ya Kifaransa nayo imeacha alama yake katika Radjabu na Djuma. Kwa hiyo kabla hatujauliza historia yake, jina lenyewe limekwisha kutuambia kwamba limepita katika vinywa vya Wabantu na katika kalamu ya karani aliyesomeshwa Kifaransa.

Je, jina hili lilifikaje Fizi? Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliunganisha Unguja na Bagamoyo na Tabora, Ujiji na nchi zilizo ng'ambo ya ziwa. Miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa walikuwamo Hamed bin Muhammad al-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza, ambaye nguvu zake zilienea katika pwani za kaskazini za ziwa mpaka aliposhindwa na majeshi ya Mfalme Leopold mwaka 1894. Hao mabwana walikuwa wachache. Waliokuwa wengi ni wapagazi, walinzi, wake, mafundi na watumwa wa misafara, ambao kwa ujumla waliitwa Waungwana. Jina hilo lilibaki katika Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo.

Neno Waungwana lina funzo ndani yake. Katika mwambao muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Barani lilitumika kwa watu ambao wengi wao walikuwa watumwa au wazao wa watumwa, nao wakalitumia wenyewe kwa fahari, kwa kuwa mbele ya wanakijiji walikuwa na bunduki, nguo na lugha ya pwani. Jina lilisema walichotaka kuwa, halikusema walikotoka.

Hapa ndipo tunapofikia swali linalowagusa wenye jina. Katika nchi nyingi za Kiislamu ilikuwa desturi watumwa wa nyumbani kupewa majina ya vito, manukato au heri, kama vile Almasi, Feruzi, Marijani, Ambari, Mabruki. Desturi hiyo ilijulikana katika mwambao wetu pia. Feruzi, kama Alimasi, ni jina linalopatikana mpaka leo katika Kongo ya mashariki. Je, tuseme basi kwamba kila Alimasi wa Baraka ni mzao wa mtumwa?

Jibu letu ni kwamba haifai kusema hivyo, kwa sababu njia za jina kuingia katika ukoo zilikuwa nyingi. Ya kwanza ni njia ya damu: mtu wa msafara aliyebaki pwani ya Tanganyika, akaoa kwa Babembe, Babwari au Bavira, wanawe wakalirithi jina lake. Ya pili ni njia ya urafiki: mwenyeji kumpa mwanawe jina la mgeni aliyeheshimiana naye. Ya tatu ni njia ya dini: mtu kusilimu na kuchukua jina jipya. Ya nne ni njia ya hadhi tu. Majina ya pwani yalikuwa yamekuwa alama ya ungwana, na mzazi asiyekuwa Mwislamu wala jamaa ya Waungwana aliweza kuyapenda, kama vile wazazi wa Kenya na Uganda walivyowapa watoto wao jina la Livingstone bila kuwa na tone la damu ya Uskoti. Ya tano ni njia ya urithi wa kawaida: mjukuu kuitwa kwa jina la babu, jina likazunguka katika jamaa hata asili yake ya kwanza ikasahaulika.

Katika hali hiyo, maana ya utumwa, hata pale ilipokuwapo mwanzoni, imekwisha kufutika. Wapo wakina Alimasi walio Wakatoliki, walio Waprotestanti na walio Waislamu. Ukiwauliza ni akina nani, watakujibu kwa ukoo wao wa Kibembe, si kwa kito.

5.0 Ukoo usioandikwa

Hapo pana jambo la kueleza zaidi. Kama ilivyokuwa katika Ulva, katika Ubembe ukoo na jina la mtu vilikuwa vitu viwili. Koo za huko zinajulikana kwa majina kama Basikalangwa, Basimukuma na Basikasingo, ambapo sehemu ya mwanzo, basi-, hutaja watu wa nasaba au kundi fulani, kama Mac ya Kigaeli ilivyotaja mwana wa fulani. Juu ya koo zote wapo wanaotaja M'mbondo kuwa chimbuko la Babembe. Hata hivyo, mtu wa Basimukuma hakuitwa Mukuma kila siku. Aliitwa kwa jina lake, na ukoo ulitajwa pale ulipohitajika, katika ndoa, matanga, urithi wa ardhi au mashauri ya wazee.

Aidha, mtu aliweza kupata jina jipya katika maisha yake. Chama cha bwami, kilichoenea kwa Balega na Babembe na kuchunguzwa na mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck tangu miaka ya 1950, kilikuwa na ngazi ambazo aliyezipanda alipata cheo na heshima mpya. Kwa jamii ya namna hiyo, kuongeza jina hakukuwa kuacha asili. Kulikuwa kukua ndani yake.

Waandikaji wa kwanza wa majina hayo walikuwa wamisionari. Mapadri Weupe walifungua kituo Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakahamia Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari. Waliwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa katika njia za misafara, wakawabatiza na kuwaandika kwa majina ya watakatifu. Mtoto mmoja aliweza hivyo kuwa na jina la mama yake, jina alilopewa na mfanyabiashara, na jina la Kilatini, yote kabla hajafikia umri wa kuoa. Baadaye utawala wa Wabelgiji ulileta vitabu vya sensa na vitambulisho vya kodi, na karani akaandika alichosikia.

Badiliko lililofuata lilitoka juu kabisa. Mwezi Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwezi Januari 1972 Rais Mobutu aliacha majina yake ya ubatizo, akawataka wananchi wote wafanye hivyo. Kardinali Malula aliyepinga alilazimika kukaa Roma kwa muda. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikariri kwamba majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Zaire.

Matokeo yake katika Fizi yanastahili kutafakariwa. Petro na Yoani waliondoka katika karatasi za serikali. Alimasi, Amisi na Ramazani walibaki. Majina yaliyoletwa na misafara ya karne ya 19 yalihesabiwa kuwa ya kwetu, na majina yaliyoletwa na mapadri wa karne hiyohiyo yalihesabiwa kuwa ya kigeni. Tofauti kati yao haikuwa ya umri. Ilikuwa ya namna yalivyokaa. Lile la padri lilikuwa limebaki mbele ya jina, kama kofia inayovuliwa mlangoni, na lile la msafara lilikuwa limekwisha kuwa jina lenyewe. Baada ya Aprili 1990, siasa ya chama kimoja ilipoachwa, majina ya ubatizo yalirejea, lakini Alimasi hakuhitaji kurejea kwa kuwa hakuwa ameondoka.

6.0 Jina linapodaiwa kuwa cheti

Laiti mambo yangeishia hapo, mjadala wetu ungekuwa wa wanaisimu peke yao. Lakini majina yamekuwa yakiitwa mahakamani kutoa ushahidi ambao hayana.

Sheria ya uraia ya tarehe 29 Juni 1981 ilidai kwamba Mzaire wa asili ni yule ambaye wahenga wake walikuwa wa kabila lililokuwamo katika mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria hiyo iliwaelekea zaidi watu wenye asili ya Rwanda na Burundi, na madhara yake katika Kivu yanajulikana. Sheria ya Novemba 2004 iliisogeza tarehe hiyo hadi uhuru, mwaka 1960. Lakini tujiulize, tarehe 1 Agosti 1885 pwani ya Baraka ilikuwaje? Ilikuwa na wavuvi wa Kibwari, wakulima wa Kibembe walioshuka kutoka milimani, wapagazi wa Kinyamwezi na Kimanyema, watu wa Ujiji, watoto waliokombolewa Kibanga, na wafanyabiashara wa pwani. Lau karani angepita siku hiyo kuandika majina, daftari lake lisingeweza kumtenga mwenyeji na mgeni. Angewakuta wenyeji wanaoitwa kwa majina ya Kiarabu na wageni waliokwisha kupewa majina ya Kibembe na wakwe zao. Anayelitumia jina leo kumwambia jirani yake arudi alikotoka anadai kutoka katika jina kitu ambacho hata wakati huo halikuwa nacho.

Upande wa pili wa jambo hili umeonekana uhamishoni. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi, na wengi wao walipokewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huo. Baadaye baadhi yao wamehamishiwa Marekani, Kanada, Australia na kwingineko. Huko kila fomu ina nafasi mbili, jina la mtu na jina la ukoo, na hutazamiwa kwamba baba, mama na watoto watakuwa na jina moja la mwisho. Tuchukue mfano wa kubuni. Baba ameandikwa Alimasi Wilondja, mtoto wa kwanza Wilondja Amisi, wa pili Bahati Alimasi, nao wote ni wa nyumba moja. Nyumbani hakuna anayeshangaa, kwa kuwa mmoja ameitwa kwa babu na mwingine amechukua jina la baba. Afisa asiyeijua desturi hiyo huona watu watatu wasiohusiana. Nasaba iliyo wazi kwa kila jirani hapo kijijini inageuka kuwa jambo la kuthibitishwa kwa vyeti na vipimo.

Inafaa kusema kwamba afisa huyo, akiwa Mskoti, Mwingereza au Mmarekani, anapima familia ya Fizi kwa kipimo ambacho familia ya Livingstone yenyewe isingekipita vizazi vichache tu nyuma. Mababu wa Ulva nao walikuwa na majina yaliyobadilika kila kizazi. Tofauti ni kwamba wao waliandikwa mapema, na aliyeandikwa mapema husahau kwamba aliandikwa.

Istilahi zetu pia zinahitaji uangalifu. Katika Kiswahili sanifu tunasema jina la ukoo, jina la baba, au ubini, kana kwamba ni kitu kimoja. Mifano tuliyoitazama inaonyesha kwamba ni vitu vitatu. Al-Barwani ni jina la ukoo kweli, kwani hutaja nasaba. Mwana wa Khalfan ni ubini. Alimasi, linapoandikwa mwishoni katika fomu ya Nyarugusu, si ukoo, na pengine si ubini; ni jina la mtu mmoja lililolazimishwa kufanya kazi ya watu wengi. Watunga kamusi na wafasiri wa fomu za serikali na mashirika wangefanya jema kuzitenga dhana hizo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Livingstone, jina la mwana wa kisiwa cha Kigaeli, lilitoka katika kijiji cha watu wengine na huenda lililetwa na bwana wa ardhi, na kwamba wenye nalo hawakupungukiwa na uskoti wao kwa sababu hiyo. Tumeona pia kwamba Alimasi, jina la mwana wa Ubembe, lilitoka katika lugha ya pwani na huenda kwa baadhi ya koo lililetwa na mtu aliyewahi kuuzwa, na kwamba wenye nalo hawapungukiwi na ubembe wao kwa sababu hiyo. Katika visa vyote viwili nasaba ilitunzwa na wazee waliohesabu mababu, ilhali jina lilitunzwa na makarani.

Tukirudi kwenye methali tuliyoanza nayo, twaweza kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa, lakini kubeba jina la mgeni si kuacha asili. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mtumwa hasa, alinyang'anywa jina lake, hakuliacha. Wazao wa misafara waliobaki Baraka, na wenyeji waliowapa wana wao majina ya misafara hiyo, walifanya jambo lililo kinyume na utumwa, yaani walichukua neno la kigeni wakalitia irabu yao, wakalirithisha kwa wajukuu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni ya mikono. Wazee wa Fizi, Baraka na Ubwari wanaoweza kueleza ni nani wa kwanza katika jamaa yao kuitwa Alimasi, Feruzi au Amisi, na kwa sababu gani, wanazidi kupungua, na wengine wamezikwa mbali na ziwa. Maelezo yao yakiandikwa kikamilifu, ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji, yatatupa historia ya Kiswahili katika Kongo ambayo haimo katika vitabu vya wasafiri. Yatawasaidia pia wenye majina hayo watakapoulizwa tena, ofisini au barabarani, kwamba wao ni akina nani.